Nyoka wadogo wa udongoni wa misitu ya Amerika ya tropiki: namna ya kuwatafuta, kuwatambua na kuwarekodi

Kila kundi la wanafunzi linapokwenda kufanya mafunzo ya porini Costa Rica, Panama au Ecuador, maswali yanayorudi ni yaleyale. "Huyu niliyemkuta chini ya gogo ni nyoka au mnyoo?" "Ana sumu?" "Jina lake nani?" Na picha inayoambatana na swali huwa moja tu, imepigwa kutoka juu, nyoka kajiviringisha, kichwa kimefichwa. Kwa picha hiyo hata bingwa aliyezeekea kwenye nyoka atakujibu kwa mkato kwamba haiwezekani kusema.

Ukifuata hatua zilizo hapa chini utarudi na rekodi inayotosha kumpa nyoka jina, au angalau jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana), bila kumuumiza na bila wewe kuishia hospitali.

Wanaozungumziwa ni nani

Ni nyoka wanaoishi ndani ya udongo, chini ya majani yaliyooza na ndani ya magogo. Wagawe makundi mawili kichwani mwako. La kwanza ni wenye macho madogo yanayoonekana na magamba mapana tumboni: jenasi za Atractus, Geophis, Ninia na Tantilla. La pili ni nyoka vipofu, ambao jicho limebaki nukta nyeusi chini ya gamba, na magamba ya tumboni yanalingana na ya mgongoni. Wengi wa makundi yote mawili hawafiki nusu mita. Mdogo kuliko wote wanaojulikana, Tetracheilostoma carlae wa kisiwa cha Barbados, aliyeelezwa na mtafiti Blair Hedges mwaka 2008, ana sentimita 10 hivi akiwa amekomaa.

Chakula chao ndicho kinachokuambia wako wapi. Atractus na Geophis hula nyungunyungu. Ninia huongeza konokono wasio na nyumba. Tantilla hula tandu. Vipofu hula mabuu na mayai ya sisimizi na mchwa. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo

- Gambuti ndefu za mpira zinazofika karibu na goti. Raba hazifai, hata kama mwenyeji wako anatembea na ndala.
- Glavu za ngozi nene. Zile za jikoni za mpira hazizuii meno ya nyoka yeyote.
- Fimbo ya ndoano ya kushikia nyoka, na reki ndogo ya bustanini yenye mpini mrefu.
- Tochi ya kichwani na ya akiba. Betri huisha usiku wa mvua, usiku uleule unaoutaka.
- Makontena mawili ya plastiki angavu yenye kitako bapa na mfuniko unaobana. Uangavu ni wa lazima, utaona sababu kwenye hatua ya 7.
- Simu au kamera inayoweza kupiga kitu kwa karibu sana, na kioo cha kukuza cha mkononi.
- Rula, daftari lisiloharibika kwa maji, na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.
- Karatasi nyeupe laini au tishu, kwa ajili ya kupunguza makali ya mwanga.
- Jiki, brashi na ndoo.
- Mwenzako. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Kabla hujagusa gogo lolote

Hatari kubwa ya kazi hii haitoki kwa nyoka unayemtafuta. Inatoka kwa jirani yake. Chini ya majani yaleyale hukaa Bothrops asper, anayeongoza kwa kuuma watu Amerika ya Kati. Costa Rica wanamwita terciopelo, Panama na Ecuador wanamwita equis, Honduras na Guatemala barba amarilla. Mwenyeji akitaja jina mojawapo kati ya hayo huku ananyosha kidole, simama hapohapo ulipo. Watoto wake ni wadogo, wana rangi ya majani makavu, na sumu wanayo tangu siku ya kuzaliwa.

Wa pili ni nyoka wa matumbawe, jenasi ya Micrurus, ambaye naye huishi udongoni na hula nyoka wenzake wadogo. Sumu yake inashambulia mishipa ya fahamu. Huenda sehemu iliyoumwa isivimbe wala kuuma sana, na dalili zikachelewa kwa saa kadhaa: kope kulegea, kuona viwili viwili, kushindwa kumeza, kisha kushindwa kupumua. Ndiyo maana aliyeumwa hupelekwa hospitali mara moja, hata akiwa anacheka na kusema hajambo. Usimkate, usimnyonye, usimfunge kamba ya kuzuia damu. Mtulize, kiungo kisitikisike, vua pete na saa, ondokeni. Costa Rica namba ya dharura ni 911. Waambie waliokupokea kwamba alikuwa nyoka wa matumbawe, kwa sababu dawa yake ni tofauti na ile ya equis. Taasisi ya Clodomiro Picado ya nchini humo, iliyoanzishwa 1970, hutengeneza zote mbili kila moja peke yake.

Usisahau wadudu. Kuna sisimizi mkubwa mweusi, Paraponera clavata, ambaye Costa Rica wanamwita bala, yaani risasi. Akikuuma mara moja kazi ya siku hiyo imekwisha. Hupenda kuweka kiota kwenye vitako vya miti, hivyo usiegemee mti wala kuweka mkono juu ya mzizi kabla ya kumulika.

Hatua kwa hatua

1. Pata ruhusa. Kutazama na kupiga picha kwenye shamba la mtu kunahitaji idhini ya mwenye shamba. Kukamata, hata kwa dakika tano, kunahitaji kibali cha serikali katika nchi nyingi za huko, na kama kituo cha utafiti kimekupokea, uliza kama kibali chao kinakutaja. Brazil maombi hupitia SISBIO, mfumo wa serikali wa vibali vya utafiti wa viumbe. Costa Rica anzia SINAC, mamlaka ya taifa ya maeneo ya hifadhi. Kubeba nyoka, gamba au kipande cha mkia kwenda nyumbani bila karatasi ni kosa la jinai. Kama huna kibali, usimkamate kama hatua ya 6 inavyoeleza, umpige picha palepale alipo. Rekodi yako bado itakuwa na thamani.

2. Chagua mahali. Wageni wengi hukimbilia msitu wa ndani kabisa, kisha wanarudi mikono mitupu. Anza pembezoni: shamba la kahawa lenye kivuli, shamba la kakao lenye zulia la majani, migomba mizee, rundo la mboji, ukingo wa njia uliokatwa ukaacha udongo wazi. Ninia sebae wanajulikana sana kwenye mashamba ya kahawa kuanzia Mexico hadi Costa Rica. Atractus crassicaudatus yuko Bogotá na vitongoji vyake, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mawe na kwenye nyasi. Na mwaka 2022 spishi tatu mpya za Atractus zilielezwa kutoka Ecuador. Baadhi ya nyoka hao walikutwa makaburini, kwenye udongo laini uliozoea kuchimbwa. Atractus peke yake ina spishi zaidi ya 140 kuanzia Panama hadi Argentina, hakuna jenasi nyingine ya nyoka duniani inayoifikia kwa wingi, kwa hiyo usidhani lazima ufike mwisho wa dunia ndipo umpate mmoja.

3. Chagua saa. Mchana ni wa kugeuza magogo na kupekua majani. Usiku, kuanzia saa 1 hadi saa 4, ni wa kutembea polepole njiani na tochi, hasa mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha baada ya siku kadhaa za ukavu. Maji yakijaa udongoni nyungunyungu hupanda juu, na wanaowala hupanda nao. Upande wa Pasifiki wa Costa Rica, Desemba hadi Aprili ni kiangazi na nyoka hawa huzama chini sana, usipoteze nauli. Upande wa Karibi, kama pale kituo cha utafiti cha La Selva, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na unaweza kujaribu mwezi wowote.

4. Geuza gogo kwa namna inayotakiwa. Simama upande mmoja wa gogo, kwa urefu wake. Lishike kwa ndoano kwenye ukingo wa mbali na ulivute *kuja kwako*, ili gogo liwe ngao kati ya miguu yako na chochote kilichopo chini. Mtu akilisukuma kwenda mbele, anakuwa amejifungulia mlango mwenyewe. Likishanyanyuka, usiinue mkono wala usiiname. Tulia uhesabu hadi kumi, ukitazama tu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu macho yanatafuta nyoka na nyoka haonekani. Tafuta mng'ao. Udongo uliolowa ni mweusi usiorudisha mwanga; nyoka wa udongoni ana magamba laini yanayong'aa, na ukimmulika kwa pembeni utaona rangi za upinde wa mvua zikipita mgongoni. Nyoka kipofu mwembamba huonekana kwanza kama uzi wa fedha unaotoweka kwenye tundu, na una sekunde mbili tatu za kumuona kabla hajaisha. Nyungunyungu hujivuta kwa kurefuka na kufupika. Nyoka hatembei hivyo. Mwili wake haubadiliki urefu.

*Onyo:* usipasue gogo lililooza kwa panga ili uone ndani. Lile gogo limechukua miaka kufikia hali hiyo, na ukilipasua limekufa kama makazi. Mimi mtu akianza kupasua magogo namwomba arudi kambini.

5. Pekua majani. Chagua eneo la mita 5 kwa 5, lizungushie uzi, kisha wewe na mwenzako muanzie pembe zinazotazamana mkielekea katikati. Vuta majani kwa reki tabaka kwa tabaka, kamwe si kwa vidole. Kwenye miti yenye mizizi mipana iliyosimama kama kuta, majani hujazana kwenye kona kati ya mizizi. Hapo panalipa kuliko eneo lote lililobaki, na hapo pia terciopelo hupenda kujikunja. Piga reki taratibu mara mbili kabla ya kusogea. Ukimaliza, rudisha majani, yaliyolowa chini na makavu juu.

6. Amua kama unamgusa. Kanuni ya anayeanza ni moja: nyoka yeyote mwenye pete, mwenye wekundu popote mwilini, au mweusi mwenye rangi kali kichwani na mkiani, hashikwi. Mpige picha kwa umbali wa urefu wa ndoano na umwache.

Najua utaniambia kuhusu ule wimbo wa Marekani unaosema nyekundu ikigusana na njano ni hatari, ikigusana na nyeusi ni salama. Wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya spishi chache za kaskazini. Ukishuka kusini unakuua. Micrurus wapo zaidi ya spishi 80, na wengine hawafuati mpangilio huo hata kidogo: Micrurus mipartitus ana pete nyeusi na nyeupe au njano, na wekundu unabaki kichwani na mkiani. Upande wa pili, Atractus elaps na Atractus latifrons hawana madhara lakini wamevaa sare ya Micrurus. Kuna pia Anilius scytale wa Amazoni, mwekundu na mweusi, asiye na sumu, ambaye hula amfisbena (jamaa wa mijusi asiye na miguu) na sesilia (jamaa wa vyura asiye na miguu). Mabingwa wenyewe huwachanganya hawa kwa mtazamo wa kwanza.

Usiamini pia maneno kwamba nyoka wa matumbawe ana mdomo mdogo na lazima atafune muda mrefu ndipo sumu iingie. Meno yake ya sumu ni mafupi kweli, lakini yako mbele ya mdomo na hayahitaji muda wa kutafuna.

Kama nyoka hana dalili hizo na kibali unacho, laza kontena ubavuni mbele yake, msukume nyuma kwa ndoano kwa upole, naye ataingia mwenyewe kwa sababu anatafuta giza. Funika. Weka ndani konzi moja ya udongo uleule na jani lililolowa, ila baada ya picha. Mikono isiwe na dawa ya mbu: dawa hizo huingia kwenye ngozi za wanyama wadogo na kuwadhuru, vyura na sesilia kuliko wote.

Ukija kumshika siku moja ukiwa na mwalimu, utahisi ncha ya mkia ikikudunga kiganjani. Watu huruka wakidhani wamechomwa. Ni mwiba mdogo anaoutumia kujikita udongoni akisukuma mbele, hauna sumu. Atractus karibu haumi kabisa. Anachofanya ni kuingiza pua katikati ya vidole vyako na kusukuma, kwa nguvu ambayo hukuitegemea kwa mwili ule mdogo. Ninia yeye hubapaza shingo na kuinua sehemu ya mbele, akijifanya mkubwa. Ninia sebae, kwa wekundu wake na ukosi mweusi, wenye mashamba wengi humuua wakimdhania wa matumbawe.

7. Piga picha saba. Chini ya saba utajuta.

- Mwili mzima kutoka juu, rula ikiwa kando.
- Tumbo zima. Hapa ndipo kontena angavu linapofanya kazi: linyanyue, piga kutoka chini kupitia kitako chake. Huna haja ya kumpindua mtu yeyote.
- Kichwa kutoka kushoto, kwa karibu, magamba kati ya pua na jicho yakionekana.
- Kichwa kutoka kulia. Magamba ya pande mbili hutofautiana mara nyingi.
- Kichwa kutoka juu.
- Katikati ya mwili, mgongo na ubavu kwa karibu, ili safu za magamba zihesabike.
- Mkia kuanzia tundu la haja hadi ncha, upande wa chini.

Kazi yote isizidi robo saa. Kontena lisikae juani hata dakika moja. Plastiki iliyofungwa hupata joto upesi, na nyoka aliyezoea udongo wa baridi hufa humo wakati wewe unatafuta lenzi.

8. Hakikisha kwamba ni nyoka. Fanya hivi ukiwa umetulia, picha mbele yako. Ngozi yenye utelezi, mikunjo inayozunguka mwili na hakuna magamba nje: hiyo ni sesilia, jamaa wa vyura. Wapo hata kwetu, Milima ya Taita na Usambara, na huko nako watu huwaita nyoka au minyoo. Ukikuza picha utaona taya, na kati ya jicho na pua kijipapasio kidogo. Mwili wenye magamba ya mraba yaliyopangwa kwa pete toka kichwani hadi mkiani, na ngozi inayoteleza juu ya nyama: hiyo ni amfisbena, jamaa wa mijusi asiye na miguu. Magamba makavu yanayolaliana kama vigae vya paa: huyo ni nyoka. Endelea.

9. Hesabu magamba. Rangi inakuvutia, ila achana nayo kwa sasa. Hesabu safu za mgongoni katikati ya mwili: anza na safu iliyogusana na gamba pana la tumbo, panda kwa mshazari kupita mgongoni, ushuke mpaka upande wa pili, bila kuhesabu gamba la tumbo. Kama picha inaonyesha ubavu mmoja tu, hesabu hadi kabla ya safu ya katikati ya mgongo, zidisha kwa mbili, ongeza moja. Nane zinakupa 17.

Sasa soma majibu:

- *Hakuna magamba mapana tumboni.* Ni kipofu. Zunguka mwili wote: 14 ni familia ya Leptotyphlopidae, wenye meno kwenye taya la chini pekee. 18 au zaidi ni Typhlopidae au Anomalepididae, na kuwatenganisha hao wawili kunataka picha ya kichwa iliyo safi kabisa. Anomalepididae hawapatikani popote nje ya Amerika ya Kati na Kusini. Jenasi yao ya Liotyphlops mara nyingi ina kichwa cheupe juu ya mwili wa giza.
- *Safu 19, kila gamba lina mstari ulioinuka katikati.* Fikiria Ninia kwanza.
- *Safu 17, magamba laini, gamba refu kutoka eneo la pua hadi kugusa jicho bila gamba jingine dogo kati yake na jicho.* Kusini mwa Panama huyo karibu kila mara ni Atractus. Kaskazini, Mexico na Amerika ya Kati, Geophis huwa na sura hiyohiyo, wengine wakiwa na 15. Kwa hawa, kujua ulisimama nchi gani ni nusu ya jibu.
- *Safu 15, laini, na gamba hilo la kati ya pua na jicho halipo.* Simama. Inaweza kuwa Tantilla, ambaye hana madhara kwa mtu. Micrurus naye ana safu 15 na gamba hilo hana. Kama ulimshika huyu kwa mikono, hatua ya 6 hukuisoma.

10. Andika palepale. Tarehe, saa, viwianishi vya GPS, mwinuko, alikuwa chini ya nini, udongo umelowa au mkavu, na kulikuwa na nini kingine hapo: mchwa, nyungunyungu, mayai. Mstari wa mwisho huo hupuuzwa na ndio watafiti huuliza kwanza, kwa sababu maisha ya nyoka hawa hayajulikani vizuri. Picha zote saba ziingie kwenye rekodi moja ya iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe. Ukizigawa rekodi saba hakuna atakayezikusanya.

11. Mrudishe, kisha safisha buti. Rudisha gogo *kwanza*, kwa namna ileile lilivyolala, upande wa ukungu ukitazama ulipokuwa ukitazama. Halafu mweke nyoka pembeni ya gogo aingie mwenyewe. Anayemweka nyoka shimoni kisha akamshushia gogo humponda.

Kabla ya kwenda msitu mwingine, sugua matope yote kwa brashi, kisha loweka buti na reki kwenye maji ya jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, mbali na mto. Sababu yake ni kuvu anayeitwa Batrachochytrium dendrobatidis, anayeua vyura. Alipofika El Copé, Panama, mwaka 2004, vyura walikwisha kwa wingi, na utafiti uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba nyoka wa pale nao walipungua. Udongo wa kwenye soli unatosha kumbeba.

Mambo yakigoma

*Nimegeuza magogo asubuhi nzima, sijaona kitu.* Ni kawaida. Angalia kama kuna nyungunyungu. Kama hawapo, hama. Kama wapo wengi, baki, rudi jioni baada ya mvua. Pia waulize wanaolima: mtu anayechimba mtaro wa migomba huona nyoka wa udongoni kuliko mtafiti mwenye tochi ya bei mbaya.

*Hatulii, kila picha ina ukungu.* Mfunike kwa kikombe cheusi au ganda la nazi dakika mbili, kisha lifunue taratibu ukiwa umeshalenga. Utapata sekunde chache kabla hajaanza tena.

*Magamba yanang'aa mno, hayahesabiki.* Usitumie mwanga wa kamera wa moja kwa moja. Weka tishu mbele ya taa na umulike kutoka ubavuni, ili kila ukingo wa gamba utupe kivuli.

*Macho yake yamekuwa ya bluu yenye ukungu na rangi imefifia.* Yuko karibu kujivua gamba. Piga picha mbili tatu, mwachie. Ukikuta gamba lililovuliwa, hilo huhesabika vizuri kuliko nyoka mwenyewe: liloweke kwenye maji, litandaze juu ya kioo. Ila kulibeba nje ya nchi bado kunataka kibali.

*Nimempata kwenye chungu cha maua hotelini, mweusi, sentimita 15.* Hesabu safu. Ukipata 20, yaelekea ni Indotyphlops braminus, mgeni kama wewe, aliyesafirishwa duniani kote ndani ya udongo wa miche. Wote ni majike, huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja akifika inatosha. Ndiye yuleyule wa kwenye bustani za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Mrekodi pia, maana kuenea kwake kunafuatiliwa.

*Mtaalamu ameniandikia "Atractus sp." tu.* Amekujibu kwa uaminifu. Spishi nyingi za jenasi hii hutofautishwa kwa idadi ya magamba ya tumbo na ya chini ya mkia, pamoja na meno, na nyingine zilielezwa kwa vielelezo vichache mno. Hesabu magamba ya tumbo kwenye picha yako ya pili, umtumie namba.

*Mwenyeji amemuua kabla sijafika.* Usigombe naye. Kwenye shamba lake anajua watu walioumwa na terciopelo. Mpige nyoka picha zilezile saba, andika kila kitu, na kama kuna makumbusho au chuo chenye kibali karibu waulize kama wanamtaka, awe amewekwa kwenye mfuko ndani ya barafu. Kichwa usikiguse kwa mkono hadi ujue ni nani: nyoka wa matumbawe aliyekufa bado anaweza kufunga taya.